Safari ya Alfajiri Kutoka Tabora Hadi Ujiji

Msomaji wa pwani akisikia neno ukungu, fikira zake huenda moja kwa moja Lushoto, au Njombe, au kwenye miteremko ya Limuru katika nchi ya Kenya, mahali ambapo wingu hushuka likakaa juu ya barabara. Tabora haimo katika hesabu hiyo. Tabora ni nchi ya jua, ya miembe na mchanga. Ni uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, wala hauna mlima wa kutajwa. Hata sisi tulioishi huko miaka mingi, tukiulizwa habari za mtu kupotewa na njia mbele ya macho yake, twataja moshi wa nyika zinazoungua kati ya Julai na Oktoba, na vumbi la malori. Kwa hiyo yaliyotupata mwezi wa Februari uliopita, katika njia ile ya kale iendayo Ujiji, yalitukuta hatukujiweka tayari.

Habari ya msiba ilitufikia baada ya sala ya Isha. Mama mdogo, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa amefariki nyumbani kwake Ujiji. Tulisema yale asemayo Mwislamu afikwapo na msiba, kisha tukauliza mazishi ni lini. Jamaa wa huko wakajibu kwamba ni kesho yake, baada ya sala ya Adhuhuri. Watatungoja hadi hapo, wala si zaidi. Na hilo ndilo sawa, maana maiti hacheleweshwi kwa ajili ya wasafiri.

Kutoka Tabora hadi Ujiji ni mwendo wa karibu kilomita 400. Tulikodi gari dogo, tukaondoka saa tisa na nusu ya usiku. Tulikuwa watu sita pamoja na dereva: mjomba, kaka yake marehemu, mzee aliyepita miaka sabini, wanawe wawili, vijana, mke wangu, na mimi. Mjomba alikaa mbele. Alisoma dua ya safari, nasi tukaitikia Amin. Dereva, ambaye alikuwa ameanza kufungulia muziki kwa sauti ndogo, aliuzima bila kuambiwa, asiuwashe tena siku nzima.

Njia hii ina umri mkubwa kuliko lami yake. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikavuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikapumzika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora, kisha ikaendelea magharibi hadi ziwani. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliingia Kazeh, kama mji ulivyoitwa wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857, wakakaribishwa na Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu aliyekaa hapo. Waliondoka Desemba, wakafika Ujiji Februari 1858. Mwendo tuliokusudia kuumaliza kwa saa tisa, wao waliumaliza kwa miezi miwili. Mizigo ilichukuliwa mabegani na Wanyamwezi, watu mashuhuri kwa kazi hiyo katika Afrika ya Mashariki nzima. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watumwa walipita hapa wakiwa na minyororo shingoni. Na kwa njia hii hii ndiyo Uislamu ulivyofika Tabora na Ujiji. Mwenye kupenda kuisimulia habari moja na kuifunika nyingine hajaisimulia njia hii.

Urambo tuliipita gizani. Hapo ndipo Waingereza walipokuwa na mojawapo ya mashamba ya mradi wao mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kushindwa katika miaka michache. Sasa ni nchi ya tumbaku. Mwezi wa Februari mabani ya kukaushia majani huwa yanawaka usiku kucha, na harufu ya moshi mtamu iliingia garini hata tukafunga vioo. Niliutazama moshi ule katika mwanga wa taa, umelala chini juu ya mashamba, haupandi. Dereva aliuona pia. Akasema, "Hapana upepo kabisa usiku huu," na mimi nisijue kwamba amesema jambo kubwa.

Alfajiri tuliisali Kaliua. Hapa niwakumbushe jambo vijana wanaosafiri kutoka pwani, hasa Ramadhani ikiwajia njiani. Jua la Tabora huchomoza kiasi cha dakika 25 baada ya lile la Dar es Salaam, na kadiri mtu aendavyo magharibi ndivyo linavyozidi kuchelewa, ilhali saa zetu za mkononi zasema mamoja nchi nzima. Adhana ya Dar es Salaam isikiwayo katika redio si adhana ya Kaliua. Mtu aliyesali kwa kuifuata huenda amesali kabla ya wakati. Tulingoja basi, hata muadhini wa msikiti mdogo wa hapo akaita, tukasali jamaa na watu wa mtaa, tukaondoka ilipokaribia saa kumi na mbili na robo.

Tulikuwa tumekwisha pita Kazilambwa, na mbingu inaanza kupauka, tulipouona ukungu. Kwanza ulikuwa vipande vipande katika mabonde, mweupe, hauzidi kimo cha ng'ombe. Gari liliingia ndani ya kipande kimoja likatoka upande wa pili, kama mtu avukaye kijito. Vijana walifurahi, mmoja akatoa simu kupiga picha. Halafu tuliingia katika kipande ambacho hatukutoka.

Nataka kueleza ukungu ule ulitoka wapi, kwa sababu watu wengi hudhani ni wingu lililoanguka. Nchi iliyo mbele ya Kaliua huteremka polepole kuelekea bonde la mto Malagarasi, na bonde hilo ni maji matupu: mabwawa, matete na mbuga zinazofurika kila masika. Mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuandikwa, mwaka 2000, katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, na eneo lake lapita hektari milioni 3. Mvua ilikuwa imenyesha mchana uliotangulia, kisha mawingu yakaondoka jioni. Usiku usio na mawingu ni kama nyumba isiyo na dari: joto la ardhi hupanda likaenda zake. Ardhi ikipoa hivyo, hewa iliyo juu yake hupoa nayo, na hewa baridi haiwezi kuchukua mvuke mwingi kama ile ya joto. Mvuke unaozidi hugeuka matone madogo mno, yasiyoweza kuanguka wala kupanda, yakabaki yanaelea. Hewa baridi tena ni nzito, huteremka ikajikusanya bondeni. Upepo ukiwapo huyatawanya. Usiku ule upepo haukuwapo. Na penye moshi ukungu huzidi, kwa maana mvuke hushika kwa urahisi juu ya chembe za moshi. Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale mtu asipoweza kuona umbali wa kilomita moja. Sisi hatukuona mita 20.

Dereva aliwasha taa zote, fulu, kama afanyavyo kila mtu gizani. Papo hapo mbele yetu pakasimama ukuta mweupe, tukaona pungufu kuliko mwanzo. Akazirudisha chini upesi. Kila tone la ukungu hurudisha nuru machoni pa yule aliyeitoa. Kadiri uongezavyo taa ndivyo unavyojipofusha mwenyewe. Taa ya chini, yenye kumulika lami, ndiyo iliyotufaa, pamoja na mstari mweupe wa ukingoni. Aliteremsha kioo cha upande wake, apate kusikia. Waipa zilikwenda na kurudi ingawa mvua haikunyesha. Mshale wa mwendo ulishuka hadi 40, hadi 30, hadi 20.

Saa ilikuwa moja na dakika chache. Nilipiga hesabu kichwani, na nina hakika kila mmoja garini alikuwa akipiga hesabu ile ile: kwa mwendo wa 20 hatufiki Ujiji hata Magharibi. Kijana mkubwa ndiye aliyesema.

"Bwana dereva, barabara ni tupu. Hatujapishana na gari tangu Kaliua. Ongeza kidogo."

Dereva hakujibu.

"Tutamkuta shangazi amekwisha zikwa."

"Ndugu yangu," akasema dereva, "mimi barabara siioni. Wewe waionaje kuwa ni tupu?"

Yule wa pili akadakia kwamba mabasi hupita hapa hapa kila siku kwa mwendo wa 80, na madereva wao wana macho mawili kama yeye. Nakiri kwamba mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa upande wao. Nilimtaka yule aliyenilea nimwone kabla hajafukiwa. Nilikuwa tayari kumwachia dereva dhambi ya haraka, mradi faida yake iwe yangu.

Baadaye, nikiwa nimetulia, nilizitazama hesabu nyingine ambazo asubuhi ile sikuzipiga. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde moja. Mtu aonapo kitu, sekunde moja na zaidi hupita kabla mguu wake haujashika breki. Na breki zikishika juu ya lami iliyolowa, gari huteleza mita nyingine kama 25 au 30. Jumla yake si chini ya mita 40, na macho yetu yalifika 20. Kwa mwendo wa 20 gari husimama katika mita 11 hivi.

Mjomba, ambaye tangu Kaliua alikuwa kimya akivuta tasbihi, aligeuza uso nyuma. "Aliyekufa ni dada yangu," akasema. "Haki yangu kwake ni kubwa kuliko yenu. Mwacheni dereva."

Hazikupita dakika kumi. Juu ya lami, mbele ya taa zetu, tuliona kitu cheusi kimelala, kisha kingine. Dereva alikanyaga breki, gari likasimama bila kishindo. Vilikuwa matawi ya mti, yamekatwa na kutupwa barabarani, majani yangali mabichi. Hakuna Mtanzania asiyeijua lugha hiyo: mbele kuna gari bovu. Tulitambaa hatua chache, na nyuma ya lori ikatoka katika weupe, pana kama ukuta wa nyumba, imejaa saruji ya Kigoma, haina taa hata moja. Gurudumu la nyuma lilikuwa limefunguliwa. Kutoka tawi la mwisho hadi bamba la lori, nilipima kwa miguu yangu, ni hatua 15.

Sikumwona mtu yeyote garini aliyetazamana na mwenzake.

Utingo wa lori, kijana mdogo aliyejitanda kanga kwa baridi, alikuja mbio akiomba radhi. Betri imekufa, akasema. Pembetatu za kuakisi mwanga hazimo. Dereva wake ametembea kwenda kutafuta fundi. Matawi aliyaweka usiku wakati anga lilikuwa safi, na hatua 15 zilitosha. Mjomba alishuka, akaitazama kazi ile, akasema hatua 15 hazitoshi. Alipata kusimuliwa na wazee wake, ambao walikuwa wapagazi, kwamba zamani kirangozi wa msafara, yule aliyetangulia mbele na bendera, alipofika penye njia panda aliiziba kwa matawi ile njia isiyo yao, au akapiga mstari mchangani kwa mguu wake, ili walio nyuma wasipotee. Msafara huenda ukawa mrefu hata mtu wa mwisho asione kichwa chake siku nzima. Habari hiyo hata wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliiandika. "Tawi ni la mtu asiyekuona," akasema mjomba. "Mpelekeeni huko aliko."

Wale vijana wawili ndio waliochukua panga la utingo. Walikata matawi ya miombo, wakayaburura nyuma, hatua 50, hatua 100, hatua 150, wakiyapanga kidogo kidogo pembeni mwa njia ile ya kushoto. Sisi tuliliondoa gari letu barabarani kabisa, likaingia katika uwanja wa duka lililofungwa, maana kusimama juu ya lami ndani ya ukungu ni kuwa lori la pili. Walikuwa bado huko nyuma, hatuwaoni, tunasikia sauti zao tu, tuliposikia ngurumo ya basi.

Lilikuja kwa kasi. Sauti ya injini haidanganyi. Nilipaza sauti kuwaita watoke barabarani. Kisha tukasikia ngurumo ikikatika, breki zikilia kwa kitambo kirefu, halafu kimya, halafu injini ikinguruma tena chini chini. Basi lilitupita likitambaa, taa zote zinawaka, na madirishani nyuso za watu waliolala na watoto waliopakatwa. Dereva wake aliinua mkono. Vijana walirudi wamelowa umande hadi magotini. Yule mkubwa alimpa utingo panga lake, akaenda akasimama karibu na dereva wetu, akamwuliza kama atakunywa chai ya chupa.

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Mjomba alitaka kusali Dhuha, lakini jua halikuonekana, wala hatukujua kaskazini ni wapi. Akamwuliza dereva, "Barabara hapa yaelekea wapi?" Akajibiwa, magharibi. "Basi kibla ni mkono wa kulia, na kurudi nyuma kidogo." Mmoja wa vijana alifungua dira ya simu, akakuta mzee hakukosea, kutoka nchi hii Makka iko kaskazini, imeegemea mashariki kwa kiasi cha digrii 17 tu. Tulitandika mkeka juu ya saruji ya baraza ya duka.

Nilipokuwa nimekaa pale nilimkumbuka yule Speke. Siku walipofika kwenye kilima kinachotazama ziwa Tanganyika, tarehe 13 Februari 1858, macho yake yalikuwa mabovu kwa maradhi. Mwenzake Burton aliyaona maji yaking'aa, akafurahi. Yeye, baada ya miezi yote ile ya kutembea, hakuona ila ukungu na mng'aro. Wenye macho mazima walikuwa wenyeji wa msafara, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India, naye ndiye aliyemwambia Burton kwamba yale ni maji. Vitabu vingi vya shule vimewataja wale wawili na kumsahau huyo wa tatu.

Ilipokaribia saa tatu jua lilianza kuonekana kama sahani ya bati. Ukungu haukupanda mbinguni, kama watu wasemavyo. Ulianza kupungua kutoka chini, ardhi ilipopata joto, hata tukaona miguu ya miti kabla ya vichwa vyake. Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Dereva alipangusa kioo, tukaagana na utingo, ambaye fundi wake alikuwa amekwisha fika kwa bodaboda.

Malagarasi tuliuvuka juu ya daraja lililopewa jina la Rais Kikwete, kwa muda usiotosha kusoma sura fupi. Zamani msafara ulisimama hapa kwa siku, ukibishana na wenyeji wa Uvinza juu ya kodi ya mitumbwi. Stanley alipovuka mwaka 1871, punda wake mmoja alinyakuliwa na mamba katikati ya maji. Uvinza yenyewe tuliipita bila kushuka, ingawa chumvi yake ya chemchemi imepikwa hapo tangu zaidi ya miaka 1,000, na kila apitaye hupenda kununua. Siku nyingine.

Ujiji tulifika saa nane u nusu. Miembe mikubwa ilikuwa imetulia, na barabara ya makaburini imejaa watu wenye kofia na kanzu wanaorudi. Hapo tulijua. Mwana wa marehemu alitupokea langoni, mikono yake ingali na udongo. Walitungoja, akasema, hadi sala ilipokwisha; kisha mashehe wakashauri asicheleweshwe tena.

Madhehebu yetu ya Imamu Shafi humruhusu aliyeikosa sala ya jeneza kuisali juu ya kaburi. Udongo ulikuwa bado mbichi, umemwagiwa maji. Mjomba alitangulia, sisi wanaume tukajipanga nyuma yake, na dereva, ambaye alikuwa amesimama mbali akilinda gari, akaitwa naye akaja akasimama katika safu, kati ya wale vijana wawili. Sala ya jeneza haina rukuu wala sijida, huisha upesi. Tulipotoa salamu, yule mwana wa marehemu alitutazama mmoja mmoja, kama anayehesabu.

"Tulisikia redioni asubuhi kuna ukungu mkubwa huko Malagarasi," akasema. "Mmefika wote?"

"Wote, baba," mjomba akamjibu.